Mkono wa Baba Emmah

"Baba Emmah, mbwa huyu akifa, mkono wako utashikwa na nani?"

Nilikuwa na umri wa miaka kumi nilipomwuliza hivyo mbele za watu, na mama akanifinya sikio mpaka machozi yakanitoka. Baba Emmah alikuwa ameketi mlangoni pake juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono wa kulia juu ya kichwa cha mbwa. Akanitazama kama mtu aliyesomewa barua aliyokuwa akiiogopa, kisha akageuza uso.

Jina lake hasa ni Joab. Sisi twamwita Baba Emmah kwa sababu ya binti yake, Emmah, anayelelewa na nyanya yake huko Bungoma. Mkewe ni Nasipwondi. Wamepanga chumba cha nyuma katika nyumba ya babu yangu, Mji wa Kale wa Mombasa, upande wa Kuze, chumba chenye mlango wake wenyewe unaotokea kichochoroni. Sisi twakaa juu. Mengi ninayoyaandika nimeyaona kwa macho yangu, na yaliyobaki nimeyapata kwa kuuliza, maana kuuliza ndio ugonjwa wangu.

Zamani alikuwa mpunga mkono kwenye gati la Mbaraki. Mimi sikujua kama kuna kazi ya namna hiyo. Kumbe aliyeko juu ndani ya winchi haoni kinachotokea chini melini wala gatini, kwa hivyo husimama mtu mahali anapoonekana, akasema naye kwa mkono. Kiganja juu, inua. Kiganja chini, shusha. Ngumi, simama.

"Mwenye winchi hana macho," aliniambia. "Macho yake ni mkono wangu."

Siku moja mwaka wa 1993 walikuwa wakiteremsha mbolea. Rafiki yake Oloo alikuwa kuli katika genge lake la wapakuaji. Walifika Mombasa mwaka mmoja, wakalala chumba kimoja kabla ya kuoa, wakaazimana hata viatu. Baba Emmah alikuwa ameshageuza kiganja chini. Oloo akarudi mbio chini ya mzigo kuokota glavu yake.

"Nilimwona," alisema. "Nilimwona, na mkono ulikuwa umeshasema."

Zaidi ya hapo sikuwahi kumwuliza, hata mimi.

Tangu siku ya mazishi ya Oloo mkono ule ukaanza kutetemeka. Si kidogo kama wa mzee. Ulitapatapa kama samaki aliyetolewa majini, tangu begani mpaka ncha za vidole, kuanzia anapoamka mpaka anapolala. Hospitali wakaupiga picha wakasema mkono mzima huu. Wakubwa wa kazini wakamwambia arudi ukipona. Mpunga mkono anayetetemeka, mwenye winchi asome nini hapo? Hakuweza kufunga kifungo cha shati. Alikula kwa mkono wa kushoto, na kwa kuwa alijua nyumbani mwetu kula kwa kushoto ni aibu, akawa anakula ameupa mlango mgongo.

Babu yangu, Jaffar, ni fundi saa. Alimwita sebuleni, akavaa ile miwani yake ya jicho moja, akauchunguza mkono ule kiungo kwa kiungo.

"Hakuna kilichovunjika humu," akasema. "Kinachoutikisa kiko mahali pengine, na mimi sina bisibisi ya huko."

Asubuhi moja, mwanzoni mwa mwaka wa 1994, nilikuwa navaa viatu vya shule nikasikia sauti ya Baba Emmah kutoka chini. Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akibembeleza. "Mama Emmah, nifanyie hisani. Mara moja tu. Kachukue shoka la Mzee." Babu akateremka ngazi bila kofia, jambo ambalo sijaliona tena. Akamkuta Baba Emmah amepiga magoti, mkono ameulaza juu ya kizingiti, na Nasipwondi ameukalia kwa uzito wake wote, analia. Babu akapanda juu, akalichukua lile shoka, akalifungia ndani ya sanduku lake la saa.

Basi hivyo ndivyo tulivyoishi. Kila mlango wake ukibamizwa, sote twasikiliza.

Nasipwondi alikuwa akipika na kufua kwa Mzungu mmoja mhandisi, mtaa wa Tudor, karibu na maji. Huyo Mzungu alikuwa na mbwa aliyetoka naye kwao. Mbwa mrefu, mwembamba, rangi ya majivu, kifua kikubwa na tumbo lililoingia ndani kama la mtu aliyefunga siku mbili. Ndani ya masikio amechorwa herufi za kijani. Alikuwa mbwa wa mashindano: kazi yake ilikuwa kuzunguka uwanjani mbele ya watu akimfukuza sungura wa matambara anayevutwa kwa mtambo. Alipoanza kushindwa wakamstaafisha, na Mzungu akamchukua akae naye nyumbani.

Sasa mkataba wa Mzungu ulikuwa umekwisha. Kumrudisha mbwa kwao kulimaanisha afungiwe miezi sita peke yake kabla ya kuruhusiwa kuingia, ndiyo sheria yao, na yeye alisema mbwa wa umri ule hatavumilia. Daktari wa wanyama angekuja Jumatatu na sindano ya kumwua. Jumamosi Nasipwondi akamleta mumewe asaidie kubeba masanduku, ingawa alijua hawezi kubeba, ila tu asibaki peke yake chumbani.

"Nilikuwa jikoni nafunga masufuria," Nasipwondi alinisimulia. "Nikatazama ukumbini nikamwona Baba Emmah amesimama, na mkono umetulia. Nikaangusha sufuria. Nilidhani amekufa kwa kusimama."

Mbwa alikuwa ameinuka mwenyewe kutoka alipokuwa amelala, akamwendea, akamwegemea pajani kwa mwili mzima, kama gunia linavyoegemea ukuta, akapenyeza kichwa chake chini ya ule mkono. Mzungu akasema ndiyo tabia yao mbwa hawa. Hana ujuzi mwingine, akasema, ila kukimbia na kuegemea watu.

Akawapa, wakarudi naye kwa miguu kutoka Tudor. Babu alikuwa mlangoni.

"Nini hiki, Joab?"

"Mbwa, Mzee."

"Naona ni mbwa. Nauliza, mbwa nyumbani mwa nani?"

Baba Emmah aliuinua mkono kutoka kichwani mwa mbwa, ukatapatapa. Akaurudisha, ukatulia. Akarudia mara ya pili. Babu alitazama vile anavyotazama saa ya mtu aliyesafiri nayo kutoka Lamu. Mimi nilikuwa nyuma yake na nilitaka kuuliza mambo ishirini.

"Asipite sebuleni mwangu," Babu akasema mwishowe. "Asipande ngazi. Chombo chake kiwe mbali na vyombo vya watu."

"Ngazi hazijui, Mzee. Kwa Mzungu hapakuwa na ngazi. Hata kizingiti hiki tumembeba."

"Alhamdulillahi, walau jambo moja tumeafikiana." Kisha akanigeukia. "Mjukuu wangu, kalete debe, ujaze udongo safi."

Kwetu, ute wa mbwa ukikugusa, pahali hapo huoshwa mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo. Debe lile likakaa chini ya ngazi tangu siku hiyo, na kata ya maji kando yake. Babu hakumgusa mbwa hata kwa ncha ya kanzu. Akipita kichochoroni hukusanya nguo zake kama mtu avukaye tope.

Baba Emmah akampa mbwa jina la Serahangi, ndivyo wanavyomwita mkubwa wa genge kule gatini. Mtaa ulicheka wiki nzima. Dama, anayekaanga mihogo kwenye pembe ya kichochoro chetu, ndiye aliyekuwa mbele.

"Baba Emmah, huyu mbwa au paa? Mbona hamumlishi?"

"Anakula kunishinda. Ndivyo alivyoumbwa. Ni mbwa wa mashindano, amestaafu."

"Wallahi! Na mbwa hustaafu? Na kiinua mgongo chake kiko wapi? Hebu mtazame mgongo, umeinuka wenyewe!"

Lakini kilichotokea kwenye mkono hakikuwa mzaha. Serahangi akimwegemea asubuhi nusu saa hivi, mkono hutulia mpaka adhuhuri. Babu alisema ni kama saa ya kutia ufunguo. Baba Emmah akanyoa ndevu mwenyewe. Akaandika barua kwa Emmah. Akapata kibarua Shimanzi cha kufunga turubai za malori, na Serahangi akawa analala kivulini chini ya tela mpaka saa ya kutiwa ufunguo tena. Hapo ndipo nilipouliza lile swali langu, kwa kuwa niliona kitu ambacho wakubwa wote walikuwa wamekubaliana wasikiseme: kwamba mtu yule mzima alikuwa amening'inia kwenye uhai wa mbwa mzee.

Na mbwa mwenyewe alikuwa na kosa moja. Alifundishwa maisha yake yote kufukuza kinachokimbia, na Mji wa Kale umejaa paka. Mwezi wa kwanza tu paka wa Dama alikatiza kichochoroni. Sijawahi kuona kitu kikienda kasi vile. Sikumwona Serahangi akiondoka, nilimwona ameshafika. Paka alipona, ila mkia ulikatika. Dama akaja na mwiko mkononi.

"Leo mkia, kesho mtoto!"

Babu akamwita Baba Emmah. "Mfunge mdomo, ama mwondoe. La tatu hakuna."

Kingi, jirani anayesuka mikeka, akampima Serahangi kwa uzi akamsukia kikapu kidogo cha ukindu cha kumvisha mdomoni, chenye matundu ya kupumulia na kamba ya kufungia nyuma ya masikio. Kilikuwa kizuri kweli. Kingi alikitia hata mstari mwekundu. Kila akitoka nje Serahangi alivishwa kikapu chake, na paka wakaishi, na kichochoro kikawa na amani miaka miwili. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria mtu mgeni ataona nini akimwona mbwa amefungwa mdomo.

Agosti 1996 kukazuka habari za mbwa wenye kichaa. Mtoto aliumwa bara, wengine wakasema Tudor, wengine wakasema watoto ni wanne. Gari likapita na kipaza sauti: mbwa wote wafungwe ndani. Nyuma yake wakaja wapiga mbwa na bunduki. Kwa siku tatu Baba Emmah hakumtoa Serahangi. Lakini mbwa yule hakuwa amezoea kujisaidia ndani. Siku ya nne, Ijumaa kabla ya adhuhuri, alikuwa akilia kwa uchungu. Baba Emmah akamvisha kikapu akatoka naye, hatua thelathini tu, mpaka kwenye uwanja mdogo mwisho wa kichochoro.

Jua lilikuwa kali. Mbwa alihema ndani ya ukindu, na mate yakatoka kwenye matundu, meupe, yenye povu. Mwanamke mmoja aliyekuja mtaani kumzuru mgonjwa akamwona.

"Yarabi! Mbwa wa kichaa! Kafungwa mdomo, mtazameni povu!"

Nilikuwa dirishani. Likizo ilikuwa imeanza. Niliona uwanja ukijaa kama maji yaingiayo mtumbwini. Jiwe la kwanza halikumpata mtu. La pili lilimpata Serahangi nyongani, akayumba, lakini hakukimbia. Alimwegemea tu Baba Emmah kwa nguvu zaidi.

"Hana kichaa!" Baba Emmah alipiga kelele. "Ni kwa ajili ya paka! Nimemfunga kwa ajili ya paka!"

"Kwa ajili ya paka, ati!" Wakacheka. "Mwenyewe naye keshaumwa huyo!"

Mpiga mbwa akafika, kijana aitwaye Charo, na bunduki yake. Hakuwa mtu mbaya. Alionekana amechoka.

"Mzee, ondoa mkono usogee kando."

"Siwezi."

"Mzee, nitakuumiza bure. Ondoa mkono."

"Basi anza na mimi. Wallahi anza na mimi, ndugu yangu, utakuwa umenifanyia hisani." Baba Emmah ni Mkristo lakini aliapa kwa kiapo chetu. Na nilijua sauti ile. Ndiyo ile ya asubuhi ya shoka.

Dama alikuwa akisema kwa sauti kuu kwamba ni kweli, ni paka wake aliyekatwa mkia, lakini nani amsikilize mkaanga mihogo? Charo aliinua bunduki akatafuta pembe.

Ndipo Babu akatoka. Alikuwa amekwisha kuoga na kutawadha kwa ajili ya Ijumaa, kanzu imepigwa pasi, kofia ya viua, udi umemtangulia. Watu wakampisha. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa mbwa ambaye kwa miaka miwili alikusanya kanzu ili asimguse, akapiga goti juu ya vumbi, akafungua ile kamba nyuma ya masikio. Kikapu kikaanguka. Umati wote ukarudi nyuma kwa pamoja.

"Maji," Babu akasema.

Niliteremka mbio na kata. Akakinga maji kwenye kiganja chake cha kulia akampelekea Serahangi mdomoni. Mbwa akanywa. Akanywa yote, akalamba kiganja, akalamba vidole kimoja kimoja mpaka kwenye kifundo, na Babu akakinga tena.

"Mwenye kichaa hanywi maji," alisema bila kuinua macho. "Watoto wadogo walijua hilo zamani. Nyinyi mwajua nini siku hizi?"

Charo akateremsha bunduki. "Samahani, Mzee wangu," akasema, akaenda zake, na watu wakaanza kukumbuka kwamba ni Ijumaa.

Nilimwagia Babu maji chini ya ngazi mara saba, moja kwa udongo. Khutba ilikuwa ikisikika kutoka msikitini. Ikamalizika kabla hajabadili kanzu.

"Babu, umekosa Ijumaa."

"Nimekosa sala ya jamaa. Adhuhuri ipo, nitasali."

"Lakini wewe hata kumpita hutaki. Kwa nini?"

Akajifuta mkono polepole. "Nimewahi kusikia mtu akiomba shoka ndani ya nyumba yangu. Sitaki kusikia tena."

Ningependa kuishia hapo. Lakini jiwe lile la nyongani lilifanya kazi yake. Serahangi alianza kuchechemea, na baada ya mvua kubwa za mwisho wa 1997, zilizoingiza unyevu mpaka ndani ya magodoro, hakuweza tena kusimama bila kuinuliwa. Mbwa asiyeweza kusimama hawezi kuegemea mtu. Kwa hivyo Baba Emmah akawa analala yeye chini, sakafuni, akamwegemea mbwa. Alimlisha uji kwa kijiko. Shimanzi akaenda siku chache, kisha siku moja moja. Usiku na mchana alikuwa akisikiliza ile pumzi, na Nasipwondi akisikiliza yake. Aliniambia, "Nikimpikia mbwa nashukuru, nikimpikia mume nalia, maana mbwa ndiye anayekula."

Serahangi alikufa Machi 1998, saa nne asubuhi, mkono ukiwa juu ya kichwa chake. Baba Emmah alikaa hivyo mpaka alasiri. Alijua akiuinua itakuwaje. Kingi na Babu walisimama mlangoni, na mwishowe Kingi akasema, "Baba Emmah, joto hili," basi. Akauinua. Ukatapatapa kama siku ya kwanza.

Kingi alimchukua Serahangi kwa mkokoteni akaenda kumzika kwa dada yake, Kisauni. Baba Emmah alifuata nyuma kwa miguu, mkono ndani ya mfuko wa suruali, na suruali yote ikitikisika. Watoto wa barabarani wakacheka.

Tulimchunga. Visu vya Nasipwondi vilihamia jikoni kwetu. Kingi akamletea mtoto wa mbwa kutoka kwa huyo dada. Mbwa mchangamfu, akamtafuna kamba za viatu, hakutulia hata akaguswa vizuri. Mkono ulimtetemeka juu ya yule mbwa vilevile. Baada ya siku nne akamrudisha. Kazi ya turubai wakampa mtu mwingine. Kwa miezi sikumsikia akisema neno zaidi ya salamu, na mimi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, niliogopa kuuliza.

Sasa ni 1999, nami niko kidato cha pili. Yeye ni bawabu wa ghala moja Shimanzi. Hufungua lango na kulifunga kwa mkono wa kushoto. Juzi jioni nilikuwa nafanya hesabu zangu kwenye ngazi aliporudi kazini. Nikamwamkia. Akaitikia, akaketi mlangoni pake, na nikadhani yamekwisha.

"Binti," akasema. "Uliniuliza kitu, ulipokuwa mdogo. Mama yako akakufinya."

Nikaiweka kalamu chini. Mkono ulikuwa gotini kwake, unarukaruka, na hakuuficha.

"Haushikwi na mtu," akasema. "Unatetemeka tu. Nasipwondi hunitilia chai nusu kikombe, nami nainywa."